Nilisafisha Blogu ya Dada, Nikafuta Maneno ya Mama Mfiwa

Mshauri mpendwa, akili yangu imefika ukingoni ndiyo maana nakuandikia, nishike mkono kabla sijampoteza dada yangu.

Dada ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, na kwa miaka mingi ameandika blogu ya kuwasaidia akina mama waliojifungua kabla ya wakati, namna ya kumbeba mtoto kifuani, namna ya kukamua maziwa, hofu ya kubaki naye peke yako nyumbani, na mimi ndiye ninayeitunza blogu hiyo, yeye kazi yake ni kuandika tu. Mwaka huu wasomaji walipungua, ukitafuta mtandaoni tumezikwa kurasa za nyuma huko, dada akaniambia, "Mdogo wangu, fanya ujuavyo, akina mama watufikie." Basi nikajifunza, na kusema kweli mengine niliyafanya vizuri, vichwa vya makala nikavigeuza vikawa yale maswali ambayo mama huyaandika kwenye simu, picha nzito nikazipunguza ili kurasa zifunguke upesi, viungo vilivyokufa nikavirekebisha, wasomaji wakaanza kurudi na kichwa kikanivimba. Nikasoma mahali kwamba makala zisizosomwa huivuta blogu nzima chini, nikazikusanya zote zenye wageni wachache nikazifuta, bila kumuuliza dada, bila hata kuzisoma, pamoja na maoni ya watu yaliyokuwa chini yake.

Moja ilikuwa makala fupi kuhusu watoto wasiorudi nyumbani, na chini yake akina mama waliofiwa walikuwa wanaandikiana. Mimi nilitazama tarakimu tu. Wiki iliyopita msomaji tunayemwita Mama Pacha, aliyejifungua mapacha akabaki na mmoja, alituandikia: "Ule ukurasa umekwenda wapi? Kila mwaka huwa naingia kusoma nilichomwandikia binti yangu. Sikukiandika pengine popote."

Dada akanipigia simu. "Ukurasa ule umepotelea wapi?"

"Mtambo ulipata hitilafu, dada. Hata mimi nimeshangaa."

Akasema kwa upole, "Basi, si kosa lako."

Upole ule ndio unaonichoma. Tangu siku hiyo hajaandika neno, anasema kama maneno ya watu yanaweza kupotea hivihivi, hana uso wa kuwakaribisha tena. Nikisema ukweli atanitoa moyoni, nikinyamaza blogu inakufa na akina mama wanaoingia leo wodini hawatamkuta. Nifanyeje?

Mdogo mtu, mwenye majuto

*

Mdogo mtu, pole. Nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kukufinya sikio.

Kufuta ulifuta kwa pupa, na pupa husameheka. Uongo ndio uliokuharibia. Mtu amekuamini, wewe ukamsingizia mtambo! Na hata huo uongo haukukufaa kitu: dada yako ameacha kuandika kwa sababu anadhani maneno hutoweka yenyewe. Angejua ni mkono wa mtu, angejua pia kwamba mkono huzuilika.

Sasa kazi. Blogu nyingi humtumia mwenyewe barua pepe kila mtu anapoacha maoni. Kama yenu hufanya hivyo, huenda maneno ya mama yule yamelala kwenye barua pepe za dada yako, na huwezi kumwomba azitafute bila kumweleza yalipoteaje. Umeona? Njia ya kuyapata inapita kwenye ukweli. Waulize pia wanaoihifadhi blogu yenu kama wana nakala ya akiba, tena uwaulize leo, maana nakala hizo hazikai milele.

Kisha ujifunze utunzaji sawasawa. Makala iliyochakaa huhuishwa: mwenye ujuzi, yaani dada, akague kilichomo, wewe urekebishe kilichopitwa na wakati. Mbili zinazofanana huunganishwa, na anwani ya zamani ikaelekezwa kwenye mpya ili msomaji asigonge ukuta. Kufuta huja mwisho kabisa, baada ya kusoma, kuhifadhi nakala na kupata ruhusa. Na usipime kila kitu kwa wingi wa wageni. Makala ile ilisomwa na wachache kwa sababu wanaoihitaji ni wachache, na Mungu atujalie wazidi kuwa wachache.

Mama Pacha mwandikie wewe mwenyewe, usimtupie dada mzigo huo. Mwambie umefuta wewe, unatafuta, na utampa majibu hata yakiwa mabaya. Usimwahidi usichonacho mkononi, wala usimbane akusamehe. Asipokujibu, hiyo ni haki yake.

Dada yako atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee kwa kumhesabia wasomaji uliomletea. Nenda kwake kwa miguu yako, usimtumie ujumbe. Neno la kwanza liwe, "Dada, ni mimi niliyefuta." Ukishalisema, funga mdomo umsikilize.