Kaniki Nyuma ya Banda

Hospitalini, Jumapili, 14 Septemba 1975

Shangazi Marta,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuniuliza kama huko shuleni tunafundishwa kusahau adabu. Leo nimeazimia kukueleza yote, hata yale ambayo mkono unayakataa. Ukiona mahali nimekata maneno, ujue hapo haya ilinishika.

Nianze na mema, maana hukupenda mtu aingie na msiba mlangoni. Mpeasi wako umezaa sana mwaka huu. Nimeficha peasi chache ndani ya mahindi ghalani zipate kuiva, kama ulivyonionyesha, na panya wamezila kama walivyokula zako. Chai yetu imekubali. Kijiji sasa ni cha ujamaa, na shamba la pamoja liko kwenye mteremko ulio chini ya kanisa. Mimi niko kidato cha tatu. Sauti ya pili kanisani haina mtu tangu uondoke. Wapo wanaojaribu, lakini hawakosei kwa furaha kama ulivyokuwa ukikosea wewe.

Baba anaumwa, Shangazi. Anaumwa ugonjwa wako.

Nimeandika maneno hayo nikafunika karatasi kwa mkono, kwa sababu muuguzi alikuwa anapita. Baba, kaka yako, mwanamume mwenye ndevu, mzee wa kanisa, anaumwa titi. Hata sasa natafuta neno lingine la kuweka hapo na silipati.

Nilipokuja likizo niliona kwamba havui koti. Unalijua lile koti la kijivu. Siku za shamba la pamoja jua likipanda wanaume wote huvua mashati, yeye analima nalo limefungwa vifungo vyote. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye mdomo wake haujapata kupumzika, alimpigia kelele mbele ya watu: "Mzee, hilo koti umelitolea mahari?" Watu wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Baba naye akacheka. Mimi nilikuwa karibu naye nikaona kwamba anacheka bila kuinua mkono wa kulia. Na kikapu cha majani ya chai, ambacho maisha yake yote alikibeba bega la kulia, alikuwa akikihamishia kushoto.

Nikamwuliza Mama. Mama akasema, "Jipu. Na jipu la mwanamume halitangazwi."

Kisha nilikwenda nyuma ya banda la ng'ombe kutafuta kuni. Kwenye ua palikuwa na kanga kuukuu ya Mama imeanikwa peke yake, na chini yake, imejificha, vipande vya kaniki. Vyembamba, virefu, vimechanwa kwa mkono. Shangazi, ni wewe uliyenifundisha kuanika vile. Nilikuwa darasa la sita, mumeo amekurudisha kwetu na sanduku lako, na kila jioni nilikufulia vile vitambaa vya kujifungia kifuani. Ulikuwa ukiniambia, "Cha mgonjwa kianikwe chini ya kingine, mwanangu. Jua litakiona, watu hawatakiona." Nilisimama pale hadi Mama akaniita mara ya pili. Nilijua pale pale. Wala sikujua niende kwa nani, kwa sababu katika nyumba yetu hakuna hata neno la kulianzia jambo hilo.

Unajua wazee walivyolimaliza. Bibi Debora, mama yenu, alipokufa kwa titi, walikaa wakasema ugonjwa unafuata jina. Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa Baba, na kwa desturi jina la bibi lilikuwa langu. Wakasema jina hilo lizikwe naye, nami nikaitwa Tumaini. Baadaye wewe ukaugua, na jina lako halikuwa Debora. Wakasema ni kwa sababu ulirithi sahani na kanga za mama yako. Ulipokufa Baba alichoma vitu vyako vyote, hata kile kigoda ulichokalia ukinisuka. Nililia kwa ajili ya kigoda. Mazishini watu walipouliza, walijibiwa kwamba ulikuwa ukiumwa tumbo. Nami nilijibu hivyo hivyo, tumbo, tumbo, mpaka nikakaribia kuamini.

Sasa Baba hakurithi jina la mtu wala sahani ya mtu.

Mwalimu wetu wa baiolojia alituletea gunzi moja lenye punje nyeupe na punje nyekundu. Akatuuliza ule wekundu umetoka kwa mmea uliotoa chavua au mmea uliobeba gunzi. Wengi walisema ni kwa mama, kwa sababu gunzi ni la mama. Akasema baba hutoa nusu na mama hutoa nusu, na mmea unaweza kubeba kitu usikionyeshe, ukampa mtoto. Nikaandika, nikapigiwa alama ya sahihi. Nilidhani nasoma habari za mahindi. Maana mimi nilijihesabu kuwa nimepona, Shangazi. Nilisema yale ni mambo ya wanawake, yanatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mama yangu ni mzima na dada zake ni wazima. Sikufikiri kwamba kitu kile kingeweza kupita ndani ya mwanamume kimya kimya, kama mtu anayekatiza uani kwa jirani ili afike barabarani.

Nilimwambia Baba tukiwa wawili tu, tunachambua maharage ya makande. Sikutaja titi. Nilisema, "Baba, nimeona kaniki." Hakuniangalia. Alichambua maharage yale mpaka hapakuwa na la kuchambua, akayarudia mazima. Mwishoni akasema kwa Kishambaa, polepole, kwamba afadhali kaburi kuliko balozi kujua. Nikamwambia hospitalini hakuna balozi.

Tukaja. Njia nzima alitembea mbele yangu akiwa amefunga vifungo vyote.

Daktari ni mtu wa Tanga, kijana, Kiswahili chake ni laini. Alimwamkia Baba vizuri, akamwomba avue shati. Mimi niligeukia ukuta. Nilisikia vifungo, kimoja kimoja. Kisha daktari akauliza, "Mzee, katika ukoo wenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi? Mama, dada?"

Baba akasema, "Hakuna."

Ilikuwa imekwisha, Shangazi. Neno moja, na wewe ukawa hukuwahi kuwapo, pamoja na bibi. Nilikuwa nimekuahidi. Ulinishika mkono juu ya beseni ukaniambia, "Haya ni yangu na yako." Nikiwa bado nimeukabili ukuta nikasema, "Alikuwapo shangazi. Na bibi, mama yao. Wote wawili kwa titi." Nililisema neno hilo kwa sauti mbele ya baba yangu na mwanamume nisiyemjua. Masikio yaliwaka kama nimepigwa makofi.

Daktari hakushangaa. Huo ndio uliokuwa uchungu: hakushangaa hata kidogo. Alisema ziko familia ambazo kansa hii hurudi, na huweza kupita kwa wanaume kama inavyopita kwa wanawake, na mara chache humkamata mwanamume mwenyewe. Akasema si jina, si uchawi, si dhambi ya mtu. Akasema pia kwamba katika familia hizo si kila mtoto hurithi, wala si kila aliyerithi huugua. Ila kinachorithiwa hasa bado hawakijui. Uvimbe wa Baba bado unasogea chini ya ngozi, haujashika mfupani, kwa hiyo kuna matumaini akipasuliwa sasa. Akaniuliza uvimbe wako wewe ulikuwaje ulipoonwa na daktari. Nikasema hukuonwa na daktari. Akaandika kitu.

Kisha akauliza swali ambalo ndilo linanifanya niandike. Akataka kujua wewe na bibi mlianza mkiwa na umri gani. Si mlikufa lini, mlianza lini. Alisema ukoo ambao ugonjwa huanza mapema, wanaofuata nao huenda wakaugua wangali vijana, na hapo akanitazama mimi, si Baba.

Baba akasema kwa hasira, shati mkononi, "Hayo muulizeni marehemu."

Ndiyo maana nakuuliza.

Baba alipasuliwa Alhamisi. Anaweza kunywa uji. Tangu siku ile ya swali hajaniita kwa jina, na mimi humpelekea chai nikitazama sakafu, maana nimeuvua ukoo wetu nguo mbele ya watu. Lakini asubuhi ya leo muuguzi alipokuja kubadili bandeji, nikasimama kutoka, Baba akasema, "Kaa. Wewe umezifua za shangazi yako." Basi. Nikakaa nikashika beseni. Sikujua kwamba alijua ni mimi niliyekuwa nikizifua.

Hapa wanawake tunaouguza wagonjwa tunaoga wote pamoja, nami nimeanza kujigusa chini ya maji, haraka, mgongo nimewapa wenzangu. Sijaona kitu. Naona haya kukuandikia hata hilo, lakini niliahidi yote.

Kwa hiyo nakuaga, Shangazi, na ninakupa ahadi nyingine badala ya ile niliyoivunja. Zile kaniki za Baba nitazianika juu ya ua, mbele ya nyumba, na balozi akiuliza nitamjibu. Na nikijaliwa binti nitampa jina lako, Marta, wazee waseme watakavyosema. Na akifikia umri wa kuelewa nitamweleza jina hilo lilikuwa la nani na alikufa kwa nini. Lala salama. Mwimbie bibi sauti ya pili.

Daktari atapita kesho asubuhi, na karatasi yake bado ina nafasi tupu. Nimewauliza Mama na majirani wazee. Hakuna anayejua, maana uliwaficha wote vizuri. Mwaka hutaujua, Baba mwenyewe anasema tu ulizaliwa wakati wa nzige. Basi usinitajie mwaka. Niambie hili tu, na nakuomba unijibu upesi: siku ulipougusa uvimbe huo kwa mara ya kwanza, Shangazi, ulikuwa umekwisha kuolewa, au ulikuwa bado msichana kama mimi?

Binti wa kaka yako,
Tumaini