Kilichokuwa Tumboni mwa Mbuzi wa Idi

Dada Mariamu,

Huku Kibera hatujambo, jua limetoka na Idi imependeza. Lakini sikia kisa cha mbuzi wa Shangazi Halima. Wiki nzima alizurura kwenye takataka kando ya mtaro, tumbo limefura, majirani wanamsifu: "Huyu amenona!" Kumchinja, nyama yenyewe haikushinda ya kuku. Tulipopasua tumbo tukatoa bonge la karatasi za nailoni, zimesokotana kama kamba.

Shangazi akawa anazichambua huku akiutukana mtaa mzima: "Watu wachafu hawa, wanatupa tu!" Nami nikaitikia kwa sauti, "Hawana haya!" Mara akavuta moja ya samawati, bado imefungwa kwa uzi wako mwekundu. Ni ile uliyonitilia njugu! Nilitoboa pembeni nikazila njiani, nikaitupa palepale mtaroni siku niliyofika. Nikakiri. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Pilau tukaijazia maharagwe, na ilikuwa tamu ajabu.

Nibusie watoto. Ukinitumia njugu tena, zifunge kwa jani la mgomba, maana Shangazi amebaki na mbuzi mwingine, naye ananifuata kila nikitoka nje.

Wako akupendaye,
Zuhura