Kichwa Kilichokwanguliwa

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Nimeosha chapa mbili za Kiingereza, picha za karne ya kumi na nane zilizochapwa kwa bamba, mali ya muuza sanaa wa mtaa wa Randburg anayenilipa kuzisafisha. Waziri mwenye wigi, tumbo kama pipa, bunge zima likichungulia kutoka mfukoni mwake. Dhihaka safi.

Jumanne, 4 Juni
Chapa ya pili ina doa kando ya shavu. Si doa. Ni sikio la tatu.

Nimeelewa. Waziri alipoanguka, wachongaji hawakutupa bamba la shaba. Walikwangua kichwa, wakachonga cha mrithi wake. Tumbo lilelile. Huyu wa kwanza hakukwanguliwa vya kutosha.

Alhamisi, 6 Juni
Karatasi imekauka. Limeongezeka jicho. Jana halikuwepo. Linanitazama mimi.

Muuza sanaa kapiga simu: "Mzee, futa hilo doa. Mteja anataka uso mmoja." Sikuweza kushika kisu.

Ijumaa, 7 Juni
Basi niandike. Bukavu, ujanani, nilimchonga gavana akitafuna daraja. Chini, jina langu. Kabla ya kuchapa niliogopa. Nikalikwangua, nikachonga la rafiki yangu Safari, kwa kuwa alishavuka mpaka. Askari wa gavana hawangempata.

Alikuwa amerudi kuchukua koti.

Hatukumwona tena. Dada yake, Mama Neema, anashona nguo chumba cha pili cha nyumba hii tunayopanga, humu humu mtaa wa Bellevue. Huwaambia wateja kwamba kaka yake alikuwa mchoraji asiyeogopa mtu. Mimi huitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Juni
Uso wa chini, ule uliokwanguliwa, umekamilika. Najua ni waziri aliyesahaulika. Lakini kidevu ni cha Safari. Eish. Nimeigeuza karatasi itazame ukuta, na bado natazamwa.

Nikimfuta, nitakuwa nimemkwangua mara ya pili. Lazima nimwambie dada yake. Akinifukuza, sina ndugu mwingine mji huu.

Jumatatu, 10 Juni
Chapa nimeirudisha Randburg na nyuso zake zote mbili. Muuza sanaa kakasirika.

Jioni nimemwambia Mama Neema, nikiwa nimesimama mlangoni. Yote, hadi koti. Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Papa, Safari hakujuaka kuchora hata kuku. Nilikuwa naambia wateja vile, nangoja tu siku utasema."

Nikaketi. Hakuniambia nibaki. Hakuniambia niondoke. Akachukua kitambaa kingine.