Kile Kidole cha Delko Nilichokuficha

Anselme, ndugu yangu,

Nimeketi uani kwangu hapa Naviundu, kwenye kile kiti cha chuma ulichokiita kiti cha askofu, na gari yetu iko mbele yangu. Nina jambo ambalo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Nitafika. Niache kwanza nizunguke kidogo, unanijua.

Tangu tukuzike, siku zangu zimekuwa fupi kwa maneno. Kuna siku sauti yangu naisikia mara ya kwanza saa sita, ninapomjibu mama wa mkaa pale getini. Napika bukari ya unga wa mtu mmoja na bado inabaki. Jumamosi ndiyo mbaya zaidi. Saa mbili asubuhi nafungua geti kama zamani na kuliacha wazi, ingawa najua. Mchana nalifunga.

Unakumbuka mwaka ule Odette wangu alipofariki? Watoto walirudi kwao, mmoja Kalemie, mwingine Afrika Kusini, nami nikabaki na saa ya ukutani. Ulikuja mara tatu nikakujibu dirishani kwamba nimelala. Mara ya nne ulikuja na mkokoteni wenye masanduku matatu ya mbao, ukagonga geti mpaka majirani wakatoka.

"Gaspard, fungula! Nimeleta gari, lakini iko mu bipande."

Masanduku yalikuwa ya yule injinia mzungu uliyemtengenezea jenereta miaka mingi. Alipohama nchi alikuachia, na hakuwa amewahi kuyafungua. Ndani mlikuwa na gari ndogo nzima, ila motere tu, injini yenyewe, haikuwamo: mabomba ya shasi, bodi ya plastiki ngumu, viti viwili, taa mbili za mviringo, boloni za kufungia katika mifuko yenye namba. Na kitabu cha maelezo cha Kiingereza, ambacho wewe na mimi hatukuweza kusoma hata ukurasa mmoja. Ulikigeuza juu chini ukasema, "Picha iko. Kama picha iko, tutajua."

Sikutaka gari. Wala wewe hukuitaka sana, leo nalijua hilo. Ulitaka nitoke kitandani. Ukanipa shasi nipige msasa kwa sababu nilikunja mabati kwenye karakana ya reli maisha yangu yote, na wewe ukachukua mambo ya motere kwa sababu ndiyo ulikula nayo mkate. Miaka sita, kila Jumamosi. Siku ya posho, kama ulivyopenda kuiita, kama vile bado tulikuwa tunapanga foleni na baba zetu kuchukua unga wa kampuni.

Jana nilicheka peke yangu nikikumbuka siku tulipoileta motere kutoka Annexe, kule nje ya mji. Tuliitoa kwenye teksi iliyokuwa imekufa zamani shambani kwa shemeji yako, ukaifunika shuka nyeupe juu ya mkokoteni ili vumbi lisiingie. Njia nzima watu wanatupisha, wanaume wanavua kofia. Mama mmoja mwenye beseni la karanga alifanya ishara ya msalaba. Wewe ukamjibu kwa uso wa huzuni kabisa: "Aksanti, mama. Alikuwa muntu wa mafuta mingi." Nilicheka mpaka nikauachia mkokoteni, nusura utuangushe mtaroni.

Basi. Sasa nalisema.

Mwezi wa tano uliniambia kwamba gari imebakiza kitu kimoja tu ili iwake: kidole cha delko, kile kipande kidogo cha plastiki kinachozunguka ndani ya delko, kigawanya umeme cha motere, na kuipa kila buji cheche yake ya kuwasha mafuta. Cha zamani kilikuwa na ufa. Mguu wako ulikuwa umevimba, ukanituma mimi mjini kwenye maduka ya vipuri.

Nilikipata, Anselme. Nilikipata siku ile ile, duka la pili. Nilirudi nacho mfukoni nikiwa na furaha, na nilipokata kona nikaliona geti langu, furaha ikaisha. Niliwaza: Jumamosi hii itawaka. Mambo madogo yatakayobaki tutayamaliza upesi. Halafu Jumamosi zitakazofuata atakuja kufanya nini kwangu?

Uliponiuliza nikasema, "Haikuwako. Basema tungoje."

Nilikiweka ndani ya kopo la vifungo vya Odette, juu ya kabati.

Wiki iliyofuata uliuliza tena, nikarudia vile vile. Nilitaka Jumamosi moja zaidi, hiyo tu. Kisha nikataka nyingine. Jumamosi ya tatu nilikuwa nimejiandaa kukuambia, hata kopo nilikuwa nimelishusha na kuliweka mezani. Lakini wewe ulifika umechangamka, ukakaa kwenye gari ambayo haijawahi kutembea, ukashika usukani kwa mikono miwili na kunisimulia habari za kwaya yako mpaka saa saba. Sikutaka kuharibu. Ulipoondoka uligonga bodi mara mbili ukasema, "Haina neno, ndugu. Sisi hatuna mbio."

Kesho yake ulitoka misa, ukaketi kwenye ngazi ya nyumba ya binti yako Bernadette ili uvue viatu. Kimoja ulikivua.

Kwenye kilio chako walinikalisha mstari wa mbele pamoja na ndugu zako. Watu walinishika mkono, wakasema tulikuwa kama mapacha. Kwaya yako iliimba na pale ambapo sauti yako nzito ilipaswa kuingia hapakuingia mtu. Mimi nilikuwa nawaza kopo la vifungo. Siku zote za kilio sikuwaza kingine, na naona aibu kukwambia kwamba hata machozi hayakuja.

Wiki ya tano Bernadette alikuja hapa. Binti yako huyo ana mwendo wako, nilisikia hatua zake nje ya geti nikasimama haraka kama mjinga. Alileta ovaroli yako na sanduku lako la vifaa. Akasema, "Papa Gaspard, hii bintu ya baba inapashwa kubakia kwako." Kisha akaitazama gari muda mrefu na kuniuliza, kwa upole tu, ilibakia nini mpaka isiwake.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo tayari, ulikuwa umeshazoea kinywa changu. Nilimwambia kila kitu, mpaka kopo.

Hakupiga kelele. Alikwenda bombani akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Akarudi akasimama pale ulipokuwa ukisimama.

"Kila siku ya posho baba anarudia ku nyumba anasema, 'Leo tena bado.' Eko anacheka. Angeisikia motere, Papa Gaspard. Hata mara moja tu, angeisikia."

Akaondoka bila kuaga. Sanduku lako likabaki katikati ya ua, na kwa siku mbili nilipita kando yake bila kuligusa.

Siku ya tatu nilivaa ovaroli yako. Ni pana kwangu, nilikunja mikono. Nilikuwa nimekutazama miaka sita, lakini kutazama ni kitu kingine. Nilimwaga mafuta ya zamani, nikatia mapya. Nilijaza maji kwenye radiateri nikazunguka na taa ya mkono kutafuta tone. Niling'oa buji zote nne, nikaacha demareri izungushe motere kwa nguvu ya batri tu, bila kuiwasha, taratibu, ili mafuta yapande kwanza kila mahali, kama ulivyosisitiza: "Motere yenye ililala hauwashe na koo ikiwa kavu." Taa nyekundu ya mafuta ilikaa inawaka. Ikakaa. Nilipumzisha batri, nikajaribu tena, nikapumzisha, nikajaribu. Mara ya nne ilizimika, nami nikajikuta nasema "Oyo!" kwa sauti, na hakuna aliyejibu.

Kidole nilikifunga siku ya Ijumaa. Kinaingia kwa kubonyeza tu, Anselme. Hakihitaji hata skrubu ya kukazwa kwa turnevisi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati.

Jumamosi asubuhi nilioga, nikakaa kwenye gari, nikaweka ufunguo. Mkono ulikataa. Nilikunyima wewe sauti ile, sasa niisikie mimi mwenyewe, peke yangu, kama mtu aliyeiba sahani ya chakula akaenda kuila nyuma ya nyumba? Nikashuka. Nikafunga geti na kutembea mpaka Hewa Bora, anakokaa binti yako, kwa miguu, na ovaroli yako mwilini, nikiogopa njia nzima.

Bernadette alikuwa anaanika nguo. Nilisimama mbali kidogo.

Nikamwambia, "Mama, sikuja kuomba kitu. Motere iko tayari. Lakini haiko yangu kuisikia peke yangu."

Alianika shati moja, na lingine. Nilidhani ndilo jibu. Kisha akaingia ndani akatoka na kitenge mabegani, kwa maana asubuhi zilikuwa bado na baridi, akapita mbele yangu. "Twende," alisema. "Pole sitaki kusikia. Nataka kusikia motere."

Njiani alitangulia, nami nikamfuata mpaka getini kwangu.

Nilimpa ndoo ya mchanga asimame nayo kando, endapo moto ungetokea. Nikaketi, nikafanya ishara ya msalaba, nikageuza ufunguo. Motere ilizunguka, ikakohoa, ikapiga mlio kwenye karbirateri kama bunduki. Bernadette aliruka, nusu ya mchanga ukamwagika. Zamani ningekuita. Safari hii nilishuka mwenyewe, nikalegeza delko, nikaisogeza unene wa ukucha, nikaikaza.

Nikageuza tena. Ikashika.

Ndugu yangu, ikashika! Ilinguruma kwa fujo kwanza, bodi yote ikatetemeka, kuku wa jirani wakapanda ukuta. Kisha ikatulia ikaanza kupumua sawasawa. Mimi niligeukia kiti cha kulia ili nikwambie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Hapo ndipo niliposikia, "Zima! Papa, zima! Esansi inatonya!"

Nilizima. Tiyo ya esansi, mpira unaopitisha petroli, ilikuwa inavuja kwenye kiungo chake, matone yakianguka karibu na egzosi. Sekunde chache zaidi na tungeihitaji ile nusu ya mchanga iliyobaki. Nilinyakua kle ya kukazia boloni, ikaniponyoka. Bernadette aliiokota, akauliza ni boloni gani, akaikaza yeye, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Sijui kama anajua amerithi hilo kwako. Tukafuta, tukangoja kila kitu kikauke. Tukaketi juu ya masanduku, na wakati huo ndipo machozi yangu yalipokuja, wiki sita baada ya kuzikwa kwako. Hakuniambia ninyamaze.

Mara ya tatu yeye ndiye aliyegeuza ufunguo. Iliwaka papo hapo. Tuliiacha izunguke mpaka radiateri ikapata moto, mimi nikizunguka na taa yangu, yeye ameketi mahali pako na viganja viwili vimelala juu ya bodi, macho amefumba. Majirani walikuja getini. Nilifungua geti lote. Mmoja akauliza gari inakwenda wapi, nikamjibu haiendi popote, haina freni, inaimba tu.

Baadaye tulizima. Sitakuficha: kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko cha zamani. Kazi uliyoniachia ilikuwa imefanyika na wewe hukuwepo, na kosa langu lilibaki pale pale. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Alipokuwa anafunga kitenge ili aondoke, alisimama getini akaiangalia gari.

"Inabakia kazi ya siku ngapi?"

Unajua nilichotaka kusema. Nilitaka kusema ni nyingi, Mama, kuna freni, kuna vioo, kuna rangi, hii kazi ni ya mwaka mzima. Alikuwa ameuliza kwa namna ya mtu anayeweza kurudi. Neno lilikuwa kwenye ulimi.

"Siku ya posho ine," nilimwambia. "Hata tatu, kama tuko bawili."

Akaitikia kwa kichwa akasema, "Basi nitakuya. Utanionyesha freni."

Kwa hiyo tumebakiza Jumamosi nne, Anselme, labda tatu. Nakuahidi sitaongeza hata moja. Kila kipande kitakachofika nitakifunga siku kitakapofika, na gari itakapotoka kwenye geti hili nitamwachia Bernadette usukani. Halafu Jumamosi ya tano itafika nami sitakuwa na kitu cha kufanya wala mtu wa kumngoja. Naiogopa. Lakini nitaiacha ifike.

Kaa vizuri huko, ndugu, waimbie kwa ile sauti yako nzito. Mimi nainuka sasa, nikapime tiyo za freni kabla jua halijazama.

Wako,
Gaspard