Mapigo Mia Moja na Nne

MAELEZO YA SHAHIDI: Tuhuma ya kumlisha farasi sumu
Shahidi: Mwanamke, miaka 43, daktari wa mifugo, mkazi wa nyumba zilizo nyuma ya kituo cha mafuta.

Mnamo tarehe 14 Juni, saa mbili na robo asubuhi, nilipigiwa simu na mzee mwenye gari la farasi la kubebea matofali. Alikuwa anahema. Alisema farasi wake jike anakufa, amemhesabu mapigo ya moyo mia moja na nne kwa dakika, na aliyempa sumu ni shemeji yake anayemtunza farasi huyo, ambaye tayari yuko mahabusu hapa kituo cha polisi. Jana yake walirushiana maneno: shemeji alitaka farasi apumzishwe, mzee akakataa.

Nilifika bandani saa mbili na dakika hamsini. Mke wa mzee humwita farasi huyo Mke Mwenza, na sidhani kama anatania sana. Nilimkuta farasi amelegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini unaning'inia. Alikuwa anasinzia. Nilisikiliza moyo kwa kipimo: mapigo thelathini na sita, kawaida kwa farasi. Pumzi kumi na mbili. Joto la kawaida, fizi za waridi zenye unyevu, tumbo linanguruma vizuri. Farasi mwenye maumivu au hofu hawi hivyo. Huyu ni mzima kuliko mimi.

Nilimwomba mzee anionyeshe alivyohesabu. Akabandika dole gumba kwenye mshipa chini ya taya la farasi. Akapata mia moja na sita. Dole gumba lina mapigo yake lenyewe, ndiyo maana sisi hutumia ncha za vidole viwili. Nilimshika mzee kifundo cha mkono. Mia moja na nane, na mengine yanaruka.

Nikamwambia, "Mzee, moyo uliokuwa ukiuhesabu ni wako mwenyewe."

Nikasema twende hospitali moja kwa moja, akakataa. Nampenda sana mzee huyu, ila kwa ubishi farasi ana nafuu.

"Siendi mpaka shemeji atoke," alisema. "Farasi nimwachie nani mwingine?"

Ndiyo maana tumepitia hapa kwanza. Nimesomewa niliyoyasema na ni kweli tupu. Natia sahihi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkono wa mlalamikaji hapa kwenye benchi lenu. Naomba tuharakishe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mlalamikaji ameondoa shauri. Mtuhumiwa ameachiwa. Alipotoka aliuliza mambo mawili tu: kama farasi amepewa maji, na kama mzee amekunywa dawa yake ya presha. Mzee alikiri kwamba yote mawili bado.