Nyange na Hisa za Urani

Babu mpendwa,

Sijamwambia mtu: nilipokusihi umuuze ng'ombe wetu Nyange ununue hisa za ile kampuni changa inayotafuta urani, nilikuwa nimesoma kurasa zenye picha tu za ripoti yake.

Jana hapa Malaba lori la watafiti wa madini lilikwama kwenye foleni mbele ya shangazi aliyekuwa akichoma mihogo. Lilibeba mawe marefu, membamba, yaliyotobolewa ardhini.

"Hayo yanaiva?" shangazi akauliza.

Dereva akacheka. "Mama, hata wenyewe hawajui kama yana kitu. Yanaenda maabara."

Nikasoma ripoti yote. Kampuni ile imetoboa mashimo mawili, haijapata urani.

Usimuuze Nyange; mkunie shingo. Kwa simu ningeona haya, kwa hiyo kadi hii nimempa kondakta wa basi, ikufikie kabla ya mnada wa Jumamosi.

Mjukuu wako,
Wafula