Maji Niliyoyakataa Mlangoni Kwenu

Ngalula, rafiki yangu,

Bado siamini. Jumatatu ulinisuka nywele, ukanivuta mpaka nikatoa machozi, ukacheka. Alhamisi homa ilikuwa imekwisha kukubeba. Mpaka leo, kengele ya masomo ikilia, ninakuwekea nafasi kwenye benchi.

Unanijua: mbele ya watu sauti yangu inakwama. Kwa hiyo ninakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu.

Tulipotoka kukuzika, tulirudi kwenu Katuba. Mlangoni kulikuwa na beseni la maji, kama kwenye kila kilio. Watu walinawa mikono, wakaingia kula. Ikafika zamu yangu. Vidole vyangu vilikuwa bado na udongo wa kaburi lako. Shangazi yako akasema, "Nawa, mwana. Usituingizie kifo mu nyumba."

Nga, mimi niliona wananiambia nikutoe mikononi kama uchafu. Wewe! Nikageuka, nikakimbia mpaka kwetu. Sijarudi tena.

Jana mdogo wako Mbuyi aliningoja nje ya shule. Hakunisalimia. "Mama anauliza: Kapinga iko natuona bachafu? Njo maana alikataa kuingia?"

Akaenda zake bila kungoja jibu. Mama yako, aliyenilisha bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja na wewe, anafikiri ninawaona wachafu!

Nikatembea bila kuona njia. Ndipo nikakumbuka siku mwalimu wa Kifaransa alipouliza propre na pur, zote mbili 'safi', zinaachana wapi. Wewe ukajibu, "Propre ni shati. Pur ni muntu wa bila uongo, na mu hii classe hakuna!" Wakati wa mapumziko ukashika telefone ya kaka yako, ukatafuta watu wa lugha nyingine wanasemaje 'safi', mpaka ukafika Hawaii, visiwa ambavyo hatukuviona hata kwenye ramani ya darasa. Ma‘ema‘e, ukasoma: safi, tena bila doa, tena kitu cha kupendeza macho. Pī kai: kunyunyiza maji ya bahari ili kutakasa. "Bahari tutaitoa wapi hapa? Tutatia chumvi mu ndoo!" Na huikala: kutakasa kwa kusamehe, kufungua kabisa kilichofungwa moyoni.

Wiki ile tulikuwa tumegombana juu ya yule mvulana wa mtaa wa Kamalondo. Ukatia chumvi kwenye kopo kweli, ukachovya vidole, ukanirushia usoni. "Huikala! Bimekwisha, sina tena neno na wewe."

Macho yaliniwasha. Lakini hukuwa unanitoa uchafu, Nga. Ulikuwa unaniachilia.

Labda maji ya mlangoni yalikuwa hivyo. Sijui kama shangazi yako angekubali. Ninachojua, mama yako ndiye aliyekuwa amesimama pale na kopo, akingoja kunimwagia. Nilimwacha nalo mkononi, siku aliyokuzika.

Kesho Jumamosi nitakuja kwenu. Nitamwomba mama yako animwagie yeye mwenyewe. Sauti ikikwama, nitanyoosha tu mikono. Kisha nitaingia, nikae, nile naye, na Jumamosi inayofuata pia, na nyingine.

Lala, Nga wangu. Chumvi ya kutia kwenye kopo lake nimekwisha kuifunga kwenye leso.

Kapinga